Nyayo Zangu na Kipanga Mpya

Siku ya kwanza kazini nilifika karakana ya mkoa pale Kibaha nimevaa viatu vipya vya ngozi, zawadi ya mjomba wangu, vinavyolia kila hatua. Nilijiona bwana harusi. Fundi Mkuu, mtu mfupi mwenye ovaroli iliyopauka na sauti inayofika ng'ambo ya barabara, alinitazama kuanzia chini, akaishia hukohuko chini.

"Wewe ndiye mpimaji mpya?"

"Ndiyo, Bwana Fundi Mkuu. Shikamoo."

"Marahaba. Vua hivyo viatu."

Nilidhani nimeshaharibu kabla sijaanza. Nikavivua, nikasimama kwenye sakafu yenye mafuta machafu, viatu mkononi. Akaniingiza kwenye gari la kubebea mchanga, akakaa kando yangu, akanipa somo ambalo ninyi mnaosoma leo hamtalikuta chuo chochote.

"Gari husema na mtu sehemu tatu," alisema. "Mikononi, makalioni na nyayoni. Mikono ina kiherehere, inasikia hata yasiyokuwepo. Makalio ni mavivu, yakipata kiti yanalala. Nyayo ndizo zenye akili. Kwa hiyo utapima peku, au utafute kazi nyingine."

Nikapima peku tangu siku hiyo. Jina langu la kuzaliwa ni Athumani, lakini kuanzia Maili Moja hadi Mlandizi niliitwa Peku, na mvi zilipoota nikawa Mzee Peku.

Kwa wasioijua kazi hiyo, mpimaji si fundi wala si dereva wa kawaida. Fundi akishakaza nati ya mwisho, mpimaji analichukua gari, analitoa barabarani, analisikiliza, kisha anajaza kadi. Kadi yetu ilikuwa na sehemu nne: gari, kazi iliyofanyika, kasoro iliyoonekana, na sahihi ya mpimaji. Bila sahihi yangu gari halikutoka getini, hata kama anayelisubiri ni mkubwa wa namna gani. Fundi Mkuu alikuwa mkali sana juu ya ile sehemu ya kasoro. "Ukiandika hakuna," alisema, "ujue umeishika roho ya mtu."

Jamani, ile kazi ilikuwa tamu! Klachi, yaani kile kinachounganisha injini na giaboksi, ikianza kuisha hutekenya kidole gumba cha mguu wa kushoto. Diski ya breki iliyopinda hugonga chini ya vidole vya mguu wa kulia, polepole, kama mgeni anayebisha hodi kwa adabu. Injini isiyochoma sawasawa hutuma mtetemo mwembamba kisiginoni. Mwezi wa tatu tu, gari la wagonjwa lilitoka matengenezo, mafundi wote wakasema liko safi. Nikalitoa hadi Visiga. Kisigino cha kushoto, kilichokaa tu sakafuni bila kazi, kikapata kitu kama mchwa anayetembea. Nikarudi, nikaandika: beringi ya gurudumu la mbele kushoto. Mafundi walicheka hadi wakakaa chini. Fundi Mkuu hakucheka. Akaamuru gurudumu lifunguliwe, na beringi, ule mkufu wa gololi unaofanya gurudumu lizunguke laini, ikamwagikia kiganjani mwake vipandevipande.

"Nyayo," aliwaambia wote, akinionyesha kwa kidole. Siku hiyo nilikwenda nyumbani naruka. Hadi leo nikikumbuka nasisimka.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa Kisarawe, na Kisarawe ndiko nilikooa na kujenga. Mkuu wangu huko alikuwa Ofisa Usafirishaji, bwana mwembamba aliyependa miwani ya jua na kuzungumza kwa mafumbo ya ofisini. Barabara za Kibaha ni za kunyooka, unapima mwendo na breki. Kisarawe ina vilima na kona, pembeni msitu, na mvua ikinyesha udongo unateleza kweli. Huko ndiko nilikojifunza kwamba gari halijulikani tabia yake mpaka ligeuke.

Na huko ndiko nilikokutana na Kipanga.

Sitataja jina la kampuni. Ni gari dogo la kifahari, la milango minne, la watu wenye nafasi, lakini limetengenezwa kwa ajili ya mtu anayependa kuendesha, si kwa ajili ya mtu wa kukaa nyuma na gazeti. Madereva tuliliita Kipanga kwa sababu linainamisha pua barabarani kama ndege yule aliyeona kifaranga. Mgeni mmoja wa wilaya alikuja nalo, pampu ya maji ikafa mlimani. Tulipolitengeneza, Ofisa Usafirishaji akanikabidhi ufunguo kana kwamba ananikabidhi mtoto mchanga.

"Peku, hili si lori la mchanga."

"Nimeelewa, Bwana Mkubwa."

"Ukilikwaruza, usirudi ofisini. Endelea tu na safari yako."

Nikavua viatu, nikakanyaga pedeli, na mwili mzima ukanisisimka. Kila kitu kilikuwa kinasema! Mbegu ya mkorosho iliyoanguka barabarani niliisikia. Kwenye magari yetu ya kazini, magurudumu ya mbele ya baadhi yake yalivuta na kugeuka kwa wakati mmoja, yakachanganyikiwa. Kipanga husukumwa na ya nyuma. Ya mbele yana kazi moja tu, kugeuka. Unaingia konani, unaongeza mafuta kidogo, na nyuma inakusukuma utokee upande wa pili kama mtu anayekushika kiuno kwenye ngoma. Nilipanda na kushuka kile kilima mara tatu. Kwa ajili ya kadi mara moja ingetosha, lakini nilipima mara tatu. Ofisa Usafirishaji alinisubiri amesimama juani, kijasho kinamtoka, nami nikashuka nacheka peke yangu.

Nilipostaafu serikalini sikukaa nyumbani hata mwezi. Gereji moja binafsi kule Zegereni, kwenye eneo la viwanda, ilikuwa inatengeneza magari ya kifahari, na Meneja wake aliniajiri kuwa Mpimaji Mkuu. Nilipanda basi kutoka Kisarawe kila Jumatatu na kulala kwa dada yangu Kibaha hadi Ijumaa. Sikuona taabu, kwa maana Vipanga walikuwa wanaletwa kila wiki!

Hapo nikapewa mwanafunzi, Neema. Alikuwa mwanamke wa miaka kama thelathini, wazazi wake walihamia Kibaha wakitokea Kilimanjaro, amesoma ufundi vizuri, hana maneno mengi. Siku ya kwanza alikuja na buti za kazini, ngumu, zenye chuma mbele. Nikamwambia avue.

"Mzee, samahani, buti sivui. Sakafu ya gereji ina vyuma."

"Sasa utasikia na nini?"

Akasita kidogo, akaona aibu. "Kiuno, mzee. Na hapa nilipokalia."

Nilicheka kama wale mafundi walivyonicheka mimi enzi zile. Miaka minne nilimfundisha, na miaka minne hakuvua buti. Kadi zake zilikuwa sahihi, hilo sikatai, lakini moyoni nilisema anabahatisha. Nilipoacha kazi kabisa, magoti yakidai mapumziko, nafasi ya Mpimaji Mkuu ilibaki wazi. Meneja alisema anamwangalia Neema kwanza.

Basi, mwaka huu Meneja akanipigia simu. Mteja wetu wa siku nyingi, tuliyemwita Mama Ndoo kwa sababu ana kiwanda cha ndoo za plastiki hapo Zegereni, alitaka kubadilisha gari. Mama Ndoo ana dereva, lakini dereva huyo kazi yake ni kumtazama mama akiendesha. Kipanga wake wa zamani alikuwa amechoka. Aliletewa mpya amjaribu hadi Jumatatu, amchukue au amrudishe. Tatizo ni kwamba kila mtu mjini alikuwa anamwambia Vipanga wa siku hizi wamepoteza utamu, wamekuwa sofa lenye magurudumu. Neema alikuwa ameshampima Kipanga huyo na kuandika: "Kasoro hakuna. Gari tamu." Mama Ndoo akasema hatoi uamuzi mpaka amsikie Mzee Peku.

Nilifurahi, sitaficha. Asubuhi ya Ijumaa nilifika Zegereni nimenyoa ndevu. Kipanga mpya alikuwa mkubwa, mweusi, na ndani kuna kioo cha picha kipana kuliko luninga ya sebuleni kwangu. Nikavua viatu getini, nikavuka karakana peku, wote wakinitazama. Neema akakaa kando yangu, Mama Ndoo nyuma. Tukashuka barabara ya Morogoro, tukakatiza Kiluvya kuelekea Kisarawe, kwenye vilima vyangu.

Kimya. Nilikanyaga mafuta, kimya. Nikakanyaga breki, kimya. Nilikuwa kama nimeweka miguu kwenye godoro. Kwenye ile kona niliyocheza ngoma zamani nilisubiri nyayo ziniambie jambo, hazikuniambia lolote. Nikageuka, tukarudi Zegereni, nikachukua kadi, nikaandika kwa herufi kubwa: "Kasoro: gari limekufa. Limebaki jina."

Mama Ndoo aliisoma, akavua miwani, akakaa nayo mkononi. "Kumbe ni kweli," alisema. Alihuzunika kama aliyepewa taarifa ya msiba.

Meneja akaziweka kadi mbili mezani, yangu na ya Neema. "Mmoja anasema tamu, mmoja anasema limekufa. Wapimaji hawawezi kutofautiana hivi. Mmoja wenu haijui kazi." Hakumtazama mwingine ila Neema. "Jumatatu nitatoa uamuzi juu ya ile nafasi. Nadhani nitamtafuta mtu wa nje."

Neema aliniaga kwa heshima zote, "Safari njema, mzee," akaenda kunawa mikono. Nami nikapanda basi la Kisarawe kifua mbele, nikiwaza kwamba mzee bado nipo.

Nyumbani mke wangu, Bi Mwajuma, alinipokea mkoba, akatazama chini, akapiga kelele. Kulikuwa na alama za damu kutoka mlangoni hadi kwenye kiti changu. Akaniinua mguu wa kulia, akauweka mapajani mwake, akaushughulikia kwa muda.

"Kipande cha waya," alisema. "Kirefu hivi. Umekanyaga wapi?"

"Gereji, asubuhi labda. Usijali. Chomoa, nitavumilia."

"Hujasikia?"

"Nasikia, ndiyo maana nakwambia chomoa."

"Baba Zuhura," alisema, akaninyooshea waya mbele ya macho yangu, "nimeshauchomoa."

Tulitazamana. Yeye ndiye aliyeanza kulia, kisha akakasirika, kwa sababu ugonjwa wangu wa sukari anaujua, na anajua vidonge ninavyovificha badala ya kuvimeza. Jumamosi saa mbili asubuhi alinifikisha kliniki mwenyewe. Daktari, binti mdogo mwenye hijabu ya bluu, aliniambia nifumbe macho, nimwambie kila atakaponigusa unyayo kwa uzi wake mgumu.

Nikafumba. Nikasubiri. "Anza basi, daktari."

"Mzee, nimeshagusa mara sita."

Akanieleza kwamba sukari imeua hisia za nyayo, si jana wala juzi, ila kidogokidogo, ndiyo maana sikugundua. Akanikataza kutembea peku hata chumbani. Akanikataza kuendesha gari. Nilitoka pale nimevaa viatu vya kufunika, na kila hatua ilikuwa kama ya mtu mwingine.

Sasa nitasema ukweli, maana kumbukumbu zisizo na ukweli hazina faida kwa kijana yeyote. Jumamosi yote na nusu ya Jumapili nilifikiria kunyamaza. Nani angejua? Ningebaki Mzee Peku, Mama Ndoo angemrudisha Kipanga, Neema angepata kazi mahali pengine. Niliona aibu kali. Mtu aliyesifiwa kwa kitu kimoja maisha yake yote, halafu kitu hicho ndicho kimemwacha. Lakini kila nikifumba macho naona Neema akinawa mikono. Miaka minne nilimkagua buti, sikuwahi kuikagua miguu yangu.

Jumatatu nilifika Zegereni kabla ya Meneja. Neema alikuwa getini.

"Shikamoo, mzee. Mbona umevaa viatu?"

"Marahaba. Lete Kipanga mpya. Utaendesha wewe, mimi nakaa kando."

"Mzee hujawahi kukaa kando."

"Ndiyo nakwambia leo nakaa. Twende, kabla sijabadilisha mawazo."

Njiani nikamsimulia yote, waya, uzi, mara sita. Hakusema pole. Alisema, "Basi, mzee, egemea. Achia mgongo. Usitafute kitu, kitakuja chenyewe." Maneno niliyomwambia mimi miaka ile, mwanafunzi wangu ananirudishia! Nikaegemea. Nikafumba macho. Nikayaamsha yale makalio ambayo Fundi Mkuu alisema ni mavivu.

Mwanzoni sikupata lolote. Tulipoanza vilima vya Kisarawe likaja. Kona ya kwanza, kiti kikanikumbatia ubavuni. Kona ya pili Neema akaongeza mafuta kidogo, na nyuma, ile nyuma ninayoijua, ikanisukuma kiunoni, tukatokea upande wa pili kama zamani. Nikapiga kelele. Naapa, mzee mzima nilipiga kelele ndani ya gari la watu.

"Huyu hapa! Neema, huyu hapa! Rudia!"

"Ile kona ileile?"

"Rudia, binti yangu, rudia!"

Tulirudia mara tatu, kama nilivyofanya ujana. Mara ya tatu nikasikia jambo jingine, kulegea kidogo upande wangu wa kushoto. Nikasema bila kufumbua macho, "Tairi la nyuma kushoto lina upepo pungufu." Neema akaegesha, akatoa kipimo, akapima. Alirudi anacheka meno yote nje. Upungufu ulikuwa mdogo kiasi kwamba hata yeye hakuugundua. Tulicheka pale kando ya msitu hadi mwenye pikipiki akasimama kuuliza kama tuna shida.

Meneja na Mama Ndoo walikuwa wanatusubiri. Niliomba kadi mpya. Sikutaka kufuta ile ya zamani, kwa sababu kadi haifutwi. Nikajaza gari, nikajaza kazi iliyofanyika. Kwenye kasoro iliyoonekana nikaandika: "Upepo wa tairi la nyuma kushoto. Nyayo za mpimaji aliyetangulia." Kwenye sahihi nikampa Neema kalamu.

Meneja alisoma mara mbili. "Mzee, hii ya nyayo niielewe vipi?"

"Ielewe kama ilivyoandikwa. Gari ni zima. Mimi ndiye mbovu. Na huyu binti amesikia tangu siku ya kwanza, tena kwa njia niliyomcheka."

Kisha Mama Ndoo akainuka, akachukua ufunguo mezani, akaniuliza, "Mzee Peku, niambie mimi sasa, bila kadi. Utamu upo au haupo?"

Nilimjibu kama ninavyowajibu ninyi. Kipanga wa leo ni mzito kuliko wa zamani. Usukani wake unasaidiwa na umeme, umepoa, hausimulii barabara kama ule wa enzi zetu. Sauti ya injini nusu yake inatoka kwenye spika, na hilo mimi sitalikubali hadi naingia kaburini. Wanaolalamika hawasemi uongo. Lakini mpeleke konani, umwache akusukume, halafu uje uniambie amekufa. Utamu umehama, umetoka miguuni umepanda kiunoni, na anayeutafuta mahali pake pa zamani atarudi mikono mitupu.

Mama Ndoo hakungoja nimalize. Tulisikia injini inawaka nje.

Neema ni Mpimaji Mkuu sasa. Ana wanafunzi wawili. Mmoja anavua viatu, mmoja havui, na amewaachia wote. Mimi nipo Kisarawe, nakunywa vidonge vyangu vizima mbele ya macho ya Bi Mwajuma, navaa viatu hata nikienda bafuni. Watu huniuliza kama sina uchungu. Uchungu ninao, asubuhi hasa, ninapoweka miguu sakafuni na sakafu haiitikii. Lakini nimegundua kwamba mwili mzima ulikuwa unasikiliza miaka yote, nami nilikuwa naupa nafasi unyayo peke yake.

Kila Jumamosi Mama Ndoo anapandisha kilima chetu na Kipanga wake mweusi, hana safari yoyote, anakuja kufaidi kona tu. Mimi hukaa barazani, kwenye benchi la mbao ambalo miguu yake imechimbiwa ardhini. Kabla hajapiga honi, kabla hata sijamwona, mtetemo unapanda kwenye benchi, na mimi naanza kutabasamu.

"Nani huyo?" Bi Mwajuma huuliza kutoka ndani.

"Kipanga," namjibu. "Na matairi yake yote manne yana upepo."